Anayepiga Makofi Kwanza

Mji wetu una barabara moja ya lami, soko, kituo cha mabasi, posta na tamasha la fidla. Hivyo vinne vya mwanzo utavikuta kila mji. Hilo la tano tuliletewa na Mwenyekiti wake, meneja mstaafu wa benki, ambaye aliporudi nyumbani kupumzika aligundua kwamba sisi wenzake hatujastaarabika, akaapa kutopumzika mpaka tustaarabike. Tangu hapo hajapumzika, na sisi pia hatujapumzika.

Tamasha ni la wiki moja kila mwaka. Wanakuja wapigaji kutoka mbali, wanne wanne, wanakaa kwenye viti jukwaani katika ukumbi wa halmashauri, bila kipaza sauti, bila ngoma, bila mwimbaji. Wawili wana fidla, wa tatu ana fidla nene kidogo, wa nne amebana kwa magoti lidude kubwa linaloitwa selo. Wanapiga kwa muda mrefu, wanatulia, wanafunua ukurasa, wanapiga tena. Mwenyekiti anasema huu ni muziki uliotungwa usikilizwe sebuleni na watu wachache wanaopendana. Ndiyo maana kila mwaka anakusanya watu mia tatu wasiopendana na kuwafungia madirisha ili pikipiki za nje zisisikike.

Halafu anapanda jukwaani na kusema kwamba tamasha linaunganisha jamii. Siwezi kubisha. Halmashauri inaziba mashimo ya barabara kuanzia kituo cha mabasi mpaka mlango wa ukumbi, haivuki hapo hata kwa bahati mbaya, na sisi tunaoishi ng'ambo tunaungana vizuri sana kuisema. Ukumbi unapakwa rangi upande wa mbele. Mwenye nyumba ya wageni anafua mashuka. Viti vyenye vitambaa vyeupe vinapangwa mbele kwa ajili ya wageni rasmi, mabenchi yanawekwa nyuma kwa ajili ya jamii, na katikati inafungwa kamba, jamii isije ikaunganishwa kupita kiasi.

Katika benchi la kwanza nyuma ya kamba ile, pale katikati, anakaa shangazi yangu, dada wa baba. Mji mzima unamwita Mama Makofi. Ni fundi cherehani. Chumba chetu cha kazi kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: cherehani mbili, yake ya dirishani na yangu ya gizani, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, kioo chenye ufa unaompasua kila mteja kiunoni, na magunia ya vipande ambavyo Shangazi anakataa kuvitupa kwa sababu iko siku vitafaa. Tunashona sare za shule, tunapunguza suruali za marehemu ziwatoshe warithi, na kila mwaka tunashona upya pazia la jukwaa, maana panya nao wanapenda sanaa.

Jina la Mama Makofi alilipata mwaka wa kwanza wa tamasha. Mwaka ule tulikwenda wote, tumeoga, tumevaa. Wapigaji walipotulia mara ya kwanza tukapiga makofi kwa moyo mmoja, na mwenye bucha akapiga mluzi. Mwenyekiti akageuka. Macho aliyotutazama nayo nadhani ndiyo aliyokuwa akiwatazama nayo waombaji wa mikopo. Kumbe wimbo ulikuwa haujaisha. Kumbe muziki ule una vipande vitatu au vinne, na ukipiga makofi katikati umejianika kwamba umekulia pasipo na sebule. Walipotulia mara ya pili tukapiga tena, tukidhani safari hii ndiyo yenyewe. Akageuka tena. Mtu mzima na akili zake akaketishwa mbele ya watoto wake kama amekutwa jikoni kwa watu.

Shangazi hakupiga mara zote mbili, na jambo hilo halikupita bila kuonekana. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, ametulia kama mtu anayejua. Wapigaji waliposimama na kuinama akapiga makofi peke yake, kwa nguvu, na Mwenyekiti mwenyewe akageuka kumtikisia kichwa kwa heshima. Kesho yake mji mzima ukasema: yule mama anaelewa. Ukweli tunaujua sisi wa nyumbani. Alikuwa amelala. Alishona sare usiku kucha, usingizi ukampitia fidla ya kwanza ilipolia tu, na viti vilipokwaruza sakafu wapigaji wakisimama, akashtuka na kupiga makofi ili asionekane alikuwa amelala.

Angeweza kusema. Lakini wewe ungesema? Mwanamke mjane aliyezoea kuitwa "wewe fundi" anaamkiwa sokoni na mke wa daktari na kuulizwa: "Mama, kile kipande cha pili ulikionaje?" Shangazi akajibu: "Kirefu." Mke wa daktari akafikiri, kisha akasema kweli, kilikuwa kirefu. Kuanzia hapo ukawa utaratibu, na hakuna aliyeuandika wala kuupitisha kwenye kikao: hakuna anayegonganisha viganja ndani ya ukumbi ule mpaka Mama Makofi agonganishe vyake. Mwenye bucha anamtazama, fundi baiskeli anamtazama, mke wa daktari anajifanya anatazama saa ya ukutani huku anamtazama. Hata viti vyenye vitambaa siku hizi vinatega sikio nyuma ya kamba kabla ya kujitoa mhanga. Mwenyekiti huwaambia wafadhili kwamba wananchi wake wamekomaa kimuziki, na wananchi wake wanasubiri mwanamke mmoja ainue mikono.

Naye hakukosea hata mara moja. Siri yake ilikuwa nyepesi kuliko uzi wa kushikiza. "Wakisimama, imeisha," aliniambia. "Mtu anayeendelea na kazi anasimama aende wapi? Mimi nikisimama kwenye cherehani, suruali si imeisha?" Wapigaji wote waliowahi kuletwa walikuwa wa kukaa. Wakisimama, Shangazi anapiga, mji unapiga, tunakwenda nyumbani tumestaarabika.

Matatizo yaliletwa na mtoto wake mwenyewe.

Shangazi ana mtoto mmoja, binti, ambaye tunamwita Sindano kwa sababu alizaliwa mwembamba na kuendelea kula hakukumsaidia. Kila tamasha wageni huwa wanawafundisha watoto wa mji fidla kwa siku tatu, bure, na bango linaandikwa kuhusu vipaji. Watoto huenda kwa sababu ya biskuti. Sindano naye alikwenda kwa sababu ya biskuti. Ila biskuti zilipoisha wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Mgeni mmoja alimwachia fidla iliyopasuka ubavuni, seremala akaibandika kwa gundi ya makabati, na mwalimu wa kwaya, ambaye anajua kidogo kila chombo na hajui vizuri hata kimoja, akaendelea naye mwaka hadi mwaka. Alifanyia mazoezi kwenye magunia yetu ya vipande. Nimeshona kola za shati zisizo na hesabu huku nikitamani kwa dhati chombo kile kipasuke tena, upande wa pili. Wateja walikuwa wakiuliza: "Jamani, mmefuga nini humo?"

Halafu mwaka mmoja, sijui lini hasa, wakaacha kuuliza. Wakawa wanakuja kuchukua nguo zao na hawaondoki. Wanasimama mlangoni na mfuko mkononi.

Sindano alipofikisha miaka kumi na minane, Mwenyekiti alipata wazo, na Mwenyekiti akipata wazo mji unakosa usingizi. Siku ya kufunga tamasha atapiga mtoto wa hapahapa, asikilizwe na mwalimu mgeni kutoka chuo cha muziki cha mji mkuu. Akimfaa, atamchukua wiki hiyohiyo, masomo na malazi juu yao. Asipomfaa, basi, mwalimu huyo hasafiri huku mara mbili. Mwenyekiti alitangaza kwamba huo ndio utakuwa ushahidi wa mchango wa tamasha kwa jamii. Miaka yote hiyo ya tamasha, na ushahidi wenyewe ni mtoto aliyefuata biskuti.

Shangazi aliipokea habari vizuri mno. Alimshonea gauni jeusi, akalifumua, akalishona tena, akahamisha zipu. Kwa watu alisema: "Aende, aende akasome, huku kuna nini?" Kwangu hakusema kitu. Ila aliacha kuimba anaposhona, na mara mbili alikata kitambaa cha mteja upande usio wake, jambo ambalo fundi wa miaka yake hafanyi hata akiwa na homa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sina mtoto, kwa hiyo niliendelea na vifungo vyangu.

Jioni moja ndipo Sindano alipotamka lile lililokuwa likimsumbua.

"Mama, mimi napiga nimesimama."

Shangazi akanyanyua mguu kwenye pedali. "Umesimama kwa nini? Viti vimeisha?"

"Napiga peke yangu na piano. Anayepiga hivyo husimama tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Sasa mimi nitajuaje umemaliza?"

Tulitazamana wote watatu. Ndivyo nilivyojua kwamba mtoto alikuwa anaijua siri ya mama yake siku nyingi na alikuwa amemsitiri.

"Nikishusha fidla kutoka begani, imeisha," alisema Sindano. "Usipige kabla. Kuna mahali katikati tunanyamaza wote, mimi na piano. Pamekaa vibaya pale, Mama. Usinitazame uso, tazama fidla. Ikiwa bado iko begani, tulia."

"Nitatulia. Kwani mimi mtoto?"

Siku ya kufunga ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, kwa hiyo pikipiki tulizisikia, na hakuna aliyejali. Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu kuliko wimbo wowote uliopigwa wiki ile. Alishukuru halmashauri, benki, nyumba ya wageni na mvua. Mama wa mtoto hakumtaja, labda kwa kuwa alikuwa nyuma ya kamba. Mwalimu mgeni, mzee mkavu mwenye miwani, alikaa mbele, miguu ameikunja, macho ameyafumba kabla hata ya kuanza.

Sindano akatoka na gauni lile jeusi. Mwenye bucha, nyuma yangu, akanong'ona: "Huyu si yule yule wetu?" Ndiyo, yule yule wetu. Akaweka fidla begani na kuanza.

Mimi si mtu wa kusifu. Nimekulia kwenye chumba kimoja na wimbo ule, naweza kuupiga mluzi huku nimelala. Lakini pale jukwaani ulikuwa kitu kingine, na nasema wazi kwamba nilijivuna mpaka nikaona haya. Nikamtazama Shangazi. Mikono mapajani, mgongo wima, macho kwenye fidla. Nyuma yetu watu wote wanamtazama yeye, kama kawaida, ila safari hii hata wao walikuwa wakisahau na kutazama jukwaani.

Wakafika mahali pale. Fidla ilipanda juu, ikapanda tena, ikakatika ghafla. Piano nayo kimya. Sindano akabaki na upinde wa fidla hewani. Uso ulikuwa umemkauka, midomo imebanwa, jasho linamtiririka shavuni. Fidla ilikuwa begani. Niliiona, iko begani kabisa.

Shangazi alitazama uso.

Wakati wa mazoezi mtoto alikuwa akikwama palepale, usiku baada ya usiku, akilia na kuanza upya. Mama gani atauona uso ule mbele ya watu mia tatu na mzee mwenye miwani, kisha akumbuke habari za bega? Aliinuka na kupiga makofi. Alipiga kama mtu anayezima moto. Na kwa kuwa Mama Makofi hajawahi kukosea, ukumbi mzima ukainuka naye. Mwenye bucha akapiga ule mluzi aliokaa nao kifuani tangu mwaka wa kwanza. Mwenyekiti akageuka na yale macho yake, akaona wafadhili wake nao wamesimama wanapiga, akageuka tena mbele na kupiga. Mkono mmoja ulikuwa unapiga na mwingine hautaki.

Sindano hakushusha fidla. Alitusubiri. Tulipoendelea akautoa mkono wa upinde na kuunyoosha mbele, kiganja chini, kama unavyomtuliza mtoto aliyelia sana.

"Haijaisha, Mama," alisema.

Hakusema kwa ukali. Hiyo ndiyo iliyouma. Shangazi akaketi, na watu wote wakaketi pamoja naye, mabenchi yakalia ukumbi mzima. Nilitamani sakafu ipasuke, na sakafu ya halmashauri kwa kawaida haihitaji kuombwa sana. Mwalimu mgeni alikuwa amefumbua macho. Nikasema moyoni, basi, kwisha, mama mtu kamnyima mtoto wake riziki kwa mikono yake mwenyewe.

Sindano akarudisha upinde, akamtazama mpiga piano, wakaendelea. Sehemu ya mwisho ni ya polepole, haina maringo. Kila aliyekuwa akisimama mlangoni petu na mfuko wa nguo anaijua. Fundi baiskeli alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha grisi. Sauti ikapungua, ikapungua, ikawa nyembamba kuliko uzi, ikaisha. Sindano akashusha fidla kutoka begani.

Hakuna aliyepiga makofi.

Watu mia tatu walimtazama Mama Makofi, na Mama Makofi alikuwa amekalia mikono yake. Viganja vyote viwili viko chini ya mapaja, uso umelowa, anamtazama binti yake bila kupepesa. Nikamgusa na kiwiko: "Shangazi, kashusha." Nikamgusa tena. "Shangazi, kashusha fidla!" Mwenye bucha alikuwa ameinua mikono usawa wa kifua na kuigandisha hapo. Mke wa daktari aliacha kujifanya anatazama saa. Mwenyekiti, bwana mkubwa anayejua wimbo unapoanza na unapoisha, naye alinyamaza. Baada ya aibu ile hakutaka kuwa wa kwanza. Huko mbele mzee mwenye miwani alikaa bila kusogea. Nje hata pikipiki ilikosekana. Sindano alisimama peke yake na gauni lake, fidla mkononi, anatutazama kama mtu aliyebisha hodi na kusikia watu ndani.

Halafu akateremka. Alishuka ngazi za jukwaa, akapita katikati ya viti vyenye vitambaa, akainama na kupita chini ya kamba, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama," alisema, "sasa."

Shangazi akatoa mkono mmoja. Akakaa nao kidogo hewani. Akatoa wa pili. Kofi la kwanza lilikuwa dogo sana, la kupangusa vumbi, na nisingelisikia kama ukumbi usingekuwa kimya vile. La pili hatukulisikia, kwa sababu ukumbi wote ulikuwa umeshalipuka. Mtu alikata kamba au ilikatika yenyewe, sijui, lakini jamii ilifika mpaka kwenye vitambaa vyeupe.

Mwalimu mgeni alimchukua. Alimwambia Mwenyekiti kwamba amezunguka kumbi nyingi kubwa na hajawahi kukutana na watazamaji wanaoweza kunyamaza kiasi kile baada ya wimbo kuisha. Kwamba kimya kile kilimfundisha jinsi watu wa hapa wanavyousikiliza muziki kwa kina. Mwenyekiti alijibu kuwa wamekifanyia kazi kwa miaka mingi. Asiyejua maana haambiwi maana, na pale walikuwa wawili, kwa hiyo tuliwaacha waelewane. Katika hotuba ya kufunga alisema tamasha limeleta matunda. Shangazi aliitwa mbele kupewa mkono, akasema anaumwa miguu.

Sindano aliondoka kwa basi la asubuhi. Tulimsindikiza, tukampungia mpaka basi likatoweka kwenye ile lami iliyozibwa, tukarudi kazini kwa sababu sare hazijishoni. Shangazi alikaa kwenye cherehani yake ya dirishani, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano ya cherehani, ukamshinda, akalowesha ncha, akapitisha tena. Nilidhani ana aibu bado, nikataka kumfariji.

"Shangazi, usijali," nikamwambia. "Kila mtu anaelewa. Ulikuwa umeshakosea mara moja, ukaogopa kukosea tena. Hukujua kama imeisha."

"Nilijua," alisema. "Alipoishusha tu, nilijua kabla yenu wote."

"Sasa mbona hukupiga?"

Alinyoosha kitambaa chini ya mguu wa cherehani, akakilaza vizuri kwa viganja vyake vyote viwili.

"Ningepiga, si angeondoka?"